Kuchora digidigi wa sentimita tano bila manyoya kugeuka tope: mwongozo kamili

Wadau, imebidi niandike hii kitu yote sehemu moja maana picha ninazotumiwa WhatsApp zinafanana mno. Mtu ana mkono mzuri, penseli imekaa, mnyama anatambulika kabisa, akianza tu kuweka rangi anapata tope la kahawia lenye macho, au manyoya yanasimama kama mnyama kapigwa shoti ya umeme. Afu swali ni lile lile, "shikamoo kaka, nitumie brashi namba ngapi?"

Marahaba, ila shida sio namba ya brashi. Karibu wote mnaanza na manyoya, na kwenye picha ndogo manyoya ndo kitu cha mwisho kabisa. Mwanga na kivuli vinatangulia, manyoya yanakuja kumalizia tu. Ukishika hilo peke yake nusu ya matatizo imeisha, na nusu nyingine ni hewa yetu ya Dodoma inayokausha rangi kabla brashi haijagusa karatasi, nayo tutaishughulikia humu humu.

Tunachora digidigi mmoja amesimama, kwenye karatasi ya sentimita 7 kwa 9. Kutoka kwato mpaka ncha ya sikio awe kama sentimita 5. Maonyesho mengi ya picha ndogo huko nje wanataka picha isizidi inchi 25 za mraba na mnyama asizidi moja ya sita ya ukubwa wake halisi, sisi tuko ndani ya mipaka yote miwili kwa sababu digidigi begani ana kama sentimita 40 na kwenye karatasi yetu bega litafika 4.

Kwa nini digidigi na sio simba? Simba kila mtu anataka kuanza naye na ndo anayewaumiza, shungi lile linakuita uchore manyoya kuanzia dakika ya kwanza. Digidigi ana manyoya mafupi, jicho kubwa, rangi tatu nne tu, na nchi kavu ya vichaka kama yetu ndo kwao.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze na kimoja kimepungua eti utakitafuta katikati ya kazi.

- Karatasi ya rangi ya maji, laini, ya pamba, gramu 300. Ulaini ni muhimu kuliko jina la kampuni. Ile yenye vinundu inafaa picha kubwa, kwenye picha ndogo kinundu kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko jicho la mnyama. Mjini hapa ukiikosa agiza Dar itumwe na basi, karatasi moja kubwa unakata picha nyingi. Manila ya kawaida tumia kwa mazoezi tu, ikilowa mara mbili inatoa vumbi vumbi na ndo mwanzo wa tope.
- Brashi mbili, namba 1 na namba 2, za duara, zenye ncha kali. Nitaeleza kwa nini sio 000.
- Rangi za maji za tyubu, nne tu. Majina yanabadilika kila kampuni, kwaiyo angalia alama ndogo ya herufi na namba iliyoandikwa nyuma ya tyubu: PB29 ambayo ni bluu, PY42 au PY43 ambayo ni njano ya udongo, na PBr7 mbili, moja ya kahawia inayoelekea wekundu na nyingine ya kahawia iliyokolea. Hizi hazipauki kirahisi, na kwa jua letu hilo sio jambo la kudharau. Seti za watoto zenye rangi 36 achana nazo, nyingi zinapauka ukutani.
- Nyeupe nzito, PW6, kidogo sana. Tyubu moja inaweza kukaa na wewe miaka.
- Penseli ya H na ya HB, ufutio laini, karatasi inayopitisha mwanga, utepe wa karatasi unaonata (masking tape) ule wa mafundi rangi ambao hauchani.
- Sahani nyeupe ya udongo, vikombe viwili vya maji, tishu, sponji ndogo.
- Lensi ya kuvaa kichwani, ile ile ya mafundi simu. Chukua ya kukuza mara 2 au 2.5. Fundi anaweza kukusifia ya mara 10 lakini hiyo inakuonyesha nyuzi za karatasi na kukuficha mnyama, afu shingo inabidi uiname mpaka pua iguse meza.
- Glisirini safi ile ya dukani ya kupaka mwilini, isiyo na manukato. Kazi yake inakuja.

Maji nayo ni kitu. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, ukichanganyia rangi yakikauka yanaacha weupe pembeni ya doa. Tumia maji ya kunywa ya chupa au ya mvua uliyoyakinga. Kuna watu wanaambiwa watumie maji ya betri, tafadhali kuwa makini, dukani ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi.

Na onyo moja kabla hatujaenda mbele. Zamani Ulaya picha ndogo zilichorwa juu ya vipande vya pembe za ndovu, na mtu anaweza kukuletea kipande cha zamani akakwambia "chorea hapa itauzika". Kataa na umwambie aondoke nacho. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kukutwa na nyara za serikali bila kibali ni kesi nzito, na nyara sio pembe tu, ni pamoja na ngozi, mifupa, kwato, hata manyoya ya ndege. Mchora wanyama ndo mtu wa kwanza kushawishika kuokota kitu porini "kwa ajili ya kuangalizia". Piga picha, kiache hapo hapo.

## Hatua ya 1: Panga meza na dirisha

Ushauri wa mitandaoni unasema kaa kwenye dirisha la kaskazini. Huo ni wa watu wa Ulaya. Dodoma tuko kusini ya ikweta, kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini kwetu, kwaiyo dirisha la kusini ndo linakupa mwanga uliotulia usiopigwa na jua. Miezi ya mvua ndo inageuka, jua linahamia kusini, hapo hamia kaskazini au weka pazia jeupe jepesi.

Umeme ukiwepo tumia taa nyeupe, iweke upande wa mkono usiochorea ili kivuli cha mkono wako kisikae juu ya kazi. Usichanganye mwanga wa dirisha na balbu ya njano, utachanganya kijivu kizuri usiku afu asubuhi unakikuta kijani.

Funga feni. Najua joto, ila funga, au igeuzie ukuta. Feni inakausha rangi na inakuletea vumbi moja kwa moja kwenye picha. Miezi ya upepo, Juni mpaka Oktoba hivi, pangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kukaa, na ukiinuka hata kwenda kunywa chai funika picha na kontena la plastiki. Chembe moja ya vumbi ikikaukia shavuni kwa digidigi huitoi bila kidonda.

Karatasi ibandike juu ya ubao kwa ule utepe wa karatasi pande zote nne, ubao uinue kidogo upande wa juu uweke juu ya kitabu. Mkono upumzike, kidole cha mwisho kikiwa juu ya karatasi safi nyingine iliyolazwa juu ya mchoro, maana jasho na mafuta ya mkono yanafanya rangi igome kushika.

Umefaulu kama: unaweza kuweka vidoti kumi mfululizo vya ukubwa ule ule bila bega kukaza. Kama bega limekaza meza iko juu sana, usiendelee.

## Hatua ya 2: Mjue mnyama wako

Hapa ndo watu wanakimbia, wanachukua picha ya kwanza ya intaneti. Kwanza picha ya mtu ni ya mtu, omba ruhusa. Pili, picha moja haikwambii nyuma ya sikio kukoje.

Digidigi wanaishi wawili wawili na wana eneo lao, wanarudi kunyea sehemu ile ile mpaka kinakuwa kichuguu cha vinyesi vidogo vidogo. Ukikiona, kaa mbali kidogo kwenye kivuli, tulia, asubuhi mapema au jioni. Ukimwona mmoja usiinuke, wa pili yuko karibu. Mchana wa jua kali wanalala vichakani, utapoteza muda. Ukiwa na nauli na kiingilio, barabara ya Mtera inakupeleka Iringa na huko ndo njia ya Ruaha, wako wengi tu pembeni ya barabara za hifadhini, ila kule hushuki kwenye gari ovyo. Mapori ya akiba kama Swagaswaga yana taratibu zake za kuingia, uliza TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kwanza usije ukaonekana jangili mwenye penseli.

Andika haya kwenye daftari maana ndo watu wanayokosea:

Pua yake ni ndefu, nene na laini, inaning'inia kidogo na kuchezacheza. Ukiichora fupi unapata mbuzi. Mbele ya jicho, kwenye kona ya ndani, kuna doa jeusi, hiyo ni tezi anayopakia harufu kwenye vijiti, sio uchafu wala machozi. Kuzunguka jicho kuna duara jeupe. Utosini kuna kishungi cha nywele kinachosimama akishtuka. Pembe ni za dume tu, fupi, zimenyooka, na mara nyingi kishungi kinazificha nusu, kwaiyo usimpe jike pembe ili apendeze. Miguu ni myembamba kuliko unavyoamini na nyuma amejaa kuliko mbele.

Rangi: mgongo kijivu kilichochanganyika na njano na nyeusi kama vumbi vumbi, ubavu na miguu inaelekea wekundu wa kahawia, tumbo jeupe.

Umefaulu kama: unaweza kufunga simu na ukachora kichwa chake kwa mistari michache, mtu akajua sio mbuzi.

## Hatua ya 3: Chora mkubwa, mpunguze

Usichore moja kwa moja kwenye sentimita 5. Mkono wa binadamu unakosea milimita moja, kwenye picha ya sentimita 20 milimita moja si kitu, kwenye ya sentimita 5 ni pua nzima imehama.

Mchore kwenye karatasi ya kawaida urefu wa sentimita 20 kutoka kwato mpaka sikio. Rekebisha hapo, futa, rudia, huku hamna gharama. Ukiridhika peleka steshenari, mwambie akupunguzie fotokopi kwa asilimia 50, afu ile aliyotoa aipunguze tena asilimia 50. Unabaki na digidigi wa sentimita 5 mwenye vipimo sahihi kwa bei ya kopi mbili.

Kuna watakaosema huu ni wizi wa mitihani. Mchoro ni wako, fotokopi ni rula tu.

## Hatua ya 4: Hamishia kwenye karatasi nzuri

Pitisha mistari ya kopi kwenye karatasi inayopitisha mwanga, geuza, paka penseli ya HB nyuma yake kidogo, ilaze juu ya karatasi ya pamba, fuatiliza kwa H iliyochongwa. Usikandamize. Mfereji wa penseli ukishaingia kwenye karatasi haufutiki na rangi itakwenda kukusanyika humo.

Ukimaliza bonyeza bonyeza ufutio laini juu ya mistari mpaka uione kwa shida. Mistari mieusi ya penseli chini ya rangi ya maji ni chanzo kimoja cha lile tope, unga wa penseli unachanganyika na rangi ya njano na kuifanya chafu.

## Hatua ya 5: Jicho

Wengine wanaliacha mwisho. Mimi nasema lianze, kwa sababu jicho ndo giza kuliko vyote kwenye picha hii, ukishaliweka una kipimo cha kulinganishia vivuli vingine, na pia likiharibika umepoteza saa moja badala ya wiki.

Changanya PB29 na ile kahawia ya wekundu mpaka upate karibu na nyeusi. Nyeusi ya tyubu sikushauri, inakaa kama shimo. Jicho la digidigi ni giza sana, mboni huioni vizuri, kwaiyo usihangaike kuichora mboni. Jaza jicho kwa tabaka mbili tatu nyembamba ukiacha kidoti kidogo cha karatasi nyeupe juu, upande ambao jua linatokea. Kidoti hicho kisikae katikati, katikati kinampa mnyama macho ya mdoli. Kikikauka kipitishie bluu hafifu sana maana kinachong'aa pale ni anga.

Sehemu ya chini ya jicho lenyewe acha kahawia ipenye kidogo, mwanga unaoingia juu unatokea chini, ndo maana jicho hai linaonekana lina maji.

Umefaulu kama: ukiweka picha mezani ukasimama hatua mbili nyuma unahisi unaangaliwa, japo mwili wote bado mweupe.

## Hatua ya 6: Mwanga na kivuli, bila unywele hata mmoja

Hii ndo hatua yenyewe. Soma mara mbili.

Piga picha yako ya kuangalizia, kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikodolee ukiwa umefinya macho. Utaona sehemu tatu tu: penye mwanga, pa katikati, penye giza. Kwa digidigi aliyepigwa na jua la asubuhi kutoka kushoto, mwanga uko mgongoni na upande wa kushoto wa pua, katikati ni ubavu, giza ni chini ya shingo, ndani ya mapaja, chini ya tumbo. Hata tumbo jeupe likiwa kivulini ni giza kuliko mgongo wa kijivu uliopigwa na jua. Watu wengi wanagoma kuamini hapa, wanaacha tumbo jeupe pe "kwa sababu ni jeupe", na mnyama analala bapa kama kibandiko.

Changanya bluu na kahawia ya wekundu upate kijivu, ongeza maji mengi mpaka kiwe kama chai ya rangi iliyopauka. Chukua brashi namba 2, ichovye, iguse kwenye tishu mara moja, jaribu kwenye kipande cha karatasi. Kisha paka sehemu zote za katikati na za giza kwa mkupuo mmoja. Acha ikauke kabisa. Rudi, paka zile za giza tu. Acha ikauke. Rudi tena kwenye giza kuliko zote.

Sasa kwa nini nasisitiza kukauka. Rangi ya maji imeshikwa na gundi ya migunga, na hiyo gundi ikipata maji inaachia tena hata ikiwa ilikauka mwezi uliopita. Ukipita juu ya tabaka lililokauka mara moja na kuondoka, linabaki. Ukisugua mara tatu, la chini linaamka, linachanganyika na la juu, na hapo hapo umezaa tope. Kwaiyo gusa, ondoka. Umeona umekosea? Iache, ikauke, utarekebisha juu yake. Kidole kinachowasha kurudi kusawazisha ndo kinachoharibu picha zenu, sio brashi.

Na hewa je? Kiangazi chetu rangi inakaukia kwenye ncha ya brashi ukiwa bado unalenga. Ndo maana sitaki 000. Brashi ile haina tumbo, inabeba tone dogo ambalo linakauka njiani, unabaki unakwaruza karatasi na brashi kavu, afu unaongeza maji kwa hasira, yanamwagika. Namba 1 nzuri ina ncha ile ile kwa wembamba ila ina tumbo la kuhifadhi unyevu. Kilichonolewa ni ncha, namba ni tumbo tu. Weka pia sponji yenye maji pembeni ya rangi kwenye sahani, funika na bakuli ukiwa huchanganyi, na tone moja la glisirini kwenye kikombe cha maji ya kuchanganyia. Tone moja. Ukizidisha rangi inabaki inanata wiki nzima na vumbi lote la mtaa linahamia kwako. Mvua zikianza glisirini huihitaji tena.

Umefaulu kama: ukiipiga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe, mnyama ana unene, unaona tumbo linazunguka kwenda upande wa pili, bila unywele wowote. Kama bado ni bapa usiende hatua ya 7. Narudia, usiende. Manyoya hayajawahi kumwokoa mnyama bapa.

## Hatua ya 7: Rangi kwa vidoti

Hapa lensi inavaliwa. Mgongoni anza na njano ya udongo hafifu, ubavuni na miguuni kahawia ya wekundu. Usipake, weka vidoti. Brashi namba 1, chovya, gusa tishu, gusa karatasi kwa ncha tu, inua wima. Vidoti visipangwe mistari, kila kipya kikae kwenye nafasi iliyoachwa na vya mwanzo.

Vidoti vina kazi mbili. Havisugui tabaka la chini, na vinaacha macho ya mtazamaji yachanganye yenyewe, kidoti cha njano pembeni ya kidoti cha kijivu kwa mbali kinakuwa ile rangi ya vumbi ya digidigi ambayo ukiichanganya kwenye sahani inatoka matope. Kwa bahati nzuri huyu mnyama mwenyewe unywele wake mmoja una rangi zaidi ya moja kwa vipande, kwaiyo vidoti vinamfaa.

Kazi hii ni ndefu, siku ya kwanza utaona hamna kinachoendelea. Kila dakika 20 vua lensi, angalia kitu cha mbali, mti au paa la jirani, walau sekunde 20. Na usikae zaidi ya dakika 45 bila kuinuka. Ukitaka kuifanya hii kazi miaka mingi linda macho na mgongo kuliko unavyolinda brashi. Mimi nachora asubuhi tu, mchana nakata karatasi, natengeneza michoro ya penseli, najibu wateja. Mkono wa mchana wa Oktoba hapa Dodoma hauaminiki, unatoka jasho.

## Hatua ya 8: Sasa manyoya

Haya, mliokuwa mnasubiri.

Kabla ya kugusa brashi chora kwenye ile fotokopi mishale midogo ya kuonyesha manyoya yanalala kuelekea wapi: kutoka puani kwenda nyuma, yanagawanyika kwenye jicho, shingoni yanashuka, mgongoni yanakwenda mkiani, mapajani yanapinda kushuka. Weka hiyo ramani pembeni.

Huchori unywele mmoja mmoja. Kwa ukubwa huu unywele halisi ungekuwa mwembamba kuliko ncha yoyote ya brashi, kwaiyo unachora vikundi, vimistari vya milimita moja hivi usoni, mgongoni mpaka mbili, kwenye kishungi zaidi kidogo. Kila kimistari kianze na mguso na kiishe kwa kuinua brashi ili mkia wake uchongoke. Kikiwa na unene sawa mwanzo mpaka mwisho ni kijiti, sio unywele.

Na usivijaze mwili mzima. Viweke sehemu tatu: pembezoni mwa mwili ambapo mnyama anakutana na mandhari, pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, na kwenye kishungi. Katikati ya mgongo wenye mwanga acha vidoti vyako peke yake. Mtazamaji akiona manyoya pembeni anaamini yapo na katikati.

Nyeupe nzito inaingia hapa tu. Ichanganye na tone la njano ya udongo, nyeupe tupu ni baridi na inaonekana kama chaki. Vimistari vichache kwenye duara la jicho, ukingo wa sikio, labda kidevuni. Ukijikuta unachovya nyeupe kila dakika simama, unajaribu kurudisha mwanga ulioupoteza hatua ya 6.

Umefaulu kama: bila lensi huoni kimistari hata kimoja, unaona tu mnyama mwenye ngozi laini, na ukivaa lensi ndo vinatokea.

## Hatua ya 9: Ardhi na nyuma yake

Haraka haraka. Nyuma weka rangi nyepesi yenye maji, kijani kilichopauka na njano, bila majani wala matawi yanayohesabika. Ukichora mgunga kwa miiba yake yote utashindana na mnyama wako mwenyewe. Chini udongo wetu mwekundu, kahawia ya wekundu na njano ya udongo.

Kilicho cha lazima ni kivuli cha chini ya kwato. Kijivu chenye bluu, kiguse kwato kabisa pasiwe na mwanya, kiende upande wa pili wa jua lako. Kama jua mgongoni ni la asubuhi kivuli kinakuwa kirefu, ukikiweka kifupi cha saa sita picha inagombana yenyewe.

## Hatua ya 10: Fremu na bei

Acha picha ikae usiku mzima. Asubuhi iangalie kupitia kioo, umegeuza mgongo, makosa ya vipimo yanaruka yenyewe.

Kwa fundi fremu sema mambo mawili na usimamie hapo hapo. La kwanza, kioo kisiguse picha, kuwe na kadi ya kuzungushia au kijiti cha kama milimita 3 katikati, kwa sababu msimu wa mvua unyevu unabandika rangi kwenye kioo. La pili, asibandike picha kwa gundi ya mbao, ishikwe kwa vipande viwili vya utepe juu tu, na kadi iwe isiyo na asidi ukiipata. Kadi ya kuzungushia iwe pana, picha ndogo inahitaji nafasi ya kupumua, fremu nyembamba inaifanya ionekane pasipoti saizi.

Bei. Mteja atakwambia "picha ndogo hivi mbona bei kubwa, Tingatinga kubwa kule naipata kwa hiyo hela". Usibishane naye kuhusu Tingatinga, ni kazi nyingine kabisa na rangi nyingine. Mpe lensi aangalie jicho. Afu taja bei yako iliyotokana na hesabu, sio na ukubwa: tuseme saa 20 kwa shilingi 5,000 ni 100,000, weka na fremu 15,000 na karatasi na rangi 5,000, inakuwa 120,000. Saa ziandike kweli kwenye daftari tangu hatua ya 3, kwa sababu kichwani huwa tunajipunja.

Ikisafiri na basi ipakie katikati ya mbao mbili nyembamba, utepe wa karatasi ubandikwe msalaba juu ya kioo ili kikipasuka vipande visiikate picha, na nje andika KIOO kwa maandishi makubwa pande zote mbili. Risiti ya kituo cha basi ipige picha umtumie mteja kabla basi halijaondoka.